Mkaguzi wa Mizani na Bondia wa Shaba

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, nanyi wazee watano wa Chama cha Wakusanyaji wa Sanamu za Michezo mlioketi mstari wa mbele kwenye viti vyenye mito, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, karani wa mahakama kwa kazi, na nimesimama hapa kwa sababu baba mdogo alisema jana mbele ya kikao cha familia kwamba mimi ndiye mwenye sauti, akanikabidhi karatasi hii aliyoiandaa mwenyewe, kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri, nami nitaisoma yote kama nilivyoahidi, ila pale ilipoachwa nafasi nitaijaza, maana kazini nimesoma maelezo ya watu kwa sauti miaka ishirini na mbili na nimejifunza kwamba uongo mwingi hukaa kwenye nafasi.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Februari 1944, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mpiga pasi wa hoteli na mkewe, na karatasi inasema alikuwa mtoto mtulivu aliyependa vitu vidogo, jambo ambalo ni kweli tupu, kwani bibi alitusimulia kwamba akiwa na miaka sita alikuwa na mkimbiaji mdogo wa bati, urefu wa kidole, ambaye babu alimwokota chini ya kitanda cha mgeni wa hoteli, na siku mdogo wake alipomvunja mguu yule mkimbiaji, marehemu hakumpiga wala hakumshitaki, alimnunia tu, miezi minne, wanalala kitanda kimoja na hamjibu hata akiuliza ni saa ngapi. Mdogo mwenyewe ni huyu baba mdogo, na hilo hakuliandika. Wanasema mtenda husahau lakini mtendewa hasahau, sasa sijui kwake imekuwaje.

Alianza shule ya msingi mwaka 1952 kwenye shule iliyo kando ya reli, akamaliza 1959, akaendelea na sekondari ya wavulana ya bweni kuanzia 1960 hadi 1963, ambako, karatasi inasema, alikuwa mpenzi mkubwa wa michezo, na hapa naomba niseme taratibu ili mnielewe, marehemu hakuwahi kupiga mpira, kukimbia, kuogelea wala kuruka hata kamba katika maisha yake yote, ila alikabidhiwa ufunguo wa kabati la vikombe vya shule, na mwalimu wa zamu aliandika kwenye ripoti yake, ninayo, kwamba kijana huyu hutunza ushindi wa wenzake kwa uaminifu. Mwaka 1964 aliingia chuo cha vipimo, akafuzu mwaka uliofuata.

Tarehe 3 Januari 1966 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu bila kuchelewa siku moja, akizunguka sokoni na madukani na begi lake la mawe ya kupimia, na wengi wenu mnamkumbuka kwa jina la Mzee Robo, kwa sababu aliweza kushika jiwe la kilo kwa mkono mtupu, akafumba macho, akasema limepungua robo ya robo, na likipimwa ni hivyohivyo. Karatasi inasema hakupendelea mtu. Ni kweli, kuna mama mmoja muuza maharage, mjane, jiwe lake lilimponyoka likamegeka ukingoni kiasi cha ukucha, akalikuta marehemu, akalipiga nyundo mbele ya wateja hadi likapasuka, mama wa watu analia, na jioni mezani alitusimulia kisa hicho huku anacheka, akasema mizani haina huruma na yeye ni mtumishi wa mizani. Basi, mtoto wa mtumishi wa mizani hula chakula chake akihesabu matonge.

Sasa tufike kwenye sanamu, maana najua wengine mmekuja kwa ajili yake. Alianza kuzikusanya mwaka 1971, akaendelea miaka hamsini, akizitafuta kwenye minada, kwenye maduka ya vitu vikuukuu na kwenye nyumba za watu waliofiwa, ambako alifika mapema kuliko wapika chakula, na alipoaga dunia alikuwa na sanamu mia mbili na kumi na nne, wachezaji mpira wa kauri waliomeguka pua, waogeleaji wa mbao, mrusha tufe wa chuma, mama wa tenisi mwenye sketi hadi vifundoni, wanamieleka wawili waliokumbatiana hata hujui nani anamwangusha nani, zote kwenye chumba kikubwa kuliko vyote nyumbani, sisi watoto watatu tukilala chumba kimoja na cherehani ya mama. Nyumba nzima ilijaa wanariadha, na sisi hatukuruhusiwa kukimbia. Kila sanamu aliipa nambari, akaiandika kwenye daftari kwa mkono wake, imetoka wapi, urefu sentimita ngapi, uzito gramu ngapi, nyufa ziko wapi, na chochote kilichoipata baadaye akakiandika na tarehe, kwa maana marehemu aliweza kumdanganya binadamu lakini hakuweza kuandika kipimo cha uongo. Naomba mlikumbuke daftari hilo.

Tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na mama yetu, huyu hapa, fundi cherehani wa sare za shule, aliyekuwa na miaka ishirini na moja na kicheko kilichosikika hadi mtaa wa pili, na mama akapewa kazi ya kushona vifuko vya flana vya kulalia sanamu, lakini hakuruhusiwa kuingia chumbani, alipitishiwa vipimo kwenye vikaratasi chini ya mlango, anashona, anaviacha kizingitini. Vifuko mia mbili na kumi na vinne, na kila kimoja kina pindo. Hakuna aliyemfundisha jambo lolote kuhusu sanamu, na hili nalo mlikumbuke.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu, kaka yetu fundi wa lifti, mimi, na mdogo wetu wa kike ambaye alihama nchi akiwa na miaka kumi na tisa na leo ametuma maua lakini hakutuma neno. Karatasi inasema marehemu aliwalea wanawe katika upendo wa michezo. Jamani! Mwezi Agosti 1988 kaka alicheza fainali ya vijana kwenye uwanja wa wilaya, akafunga mabao mawili, baba hakwenda kwa sababu alikuwa anambandika golikipa wa kauri mkono uliotoka, na kaka alipofika na kikombe chake, kile chenye kisanamu cha mchezaji juu, anahema, jezi imelowa, marehemu alikichukua, akakiweka kwenye mizani ya jikoni, akasema, "Bati, gramu mia tatu na kumi," kisha akakiinamia akakiweka chini kiuzuie mlango wa chumba cha sanamu usijifunge. Kipo pale mpaka leo, mnaweza kwenda kukitazama. Kaka, usiiname, wewe si wa kuona haya hapa.

Baba mdogo, usinivute nguo, nakuja kwenye ugonjwa, kwanza nafasi hii niijaze.

Mwezi Januari 2005, kwenye mnada wa nyumba ya mchora ramani aliyefariki, marehemu alinunua bondia wa shaba, urefu sentimita arobaini na moja, ngumi wazi bila glavu, mweusi tii, aliyesemekana kuwa na zaidi ya miaka mia na ishirini, na hapa wasiojua mambo haya wanivumilie kidogo, kwenye sanamu za shaba ule weusi ndio cheti cha kuzaliwa, shaba hujijengea weusi wake kwa miaka na miaka, mthamini huusoma kama daktari anavyosoma macho, na ukiusugua ukaisha, sanamu imepoteza umri wake na thamani yake, haizeeki tena kwa siku moja. Mkusanyaji yeyote analijua hilo kabla hajajua kitu kingine. Bondia akapewa nambari 131, iliyokuwa ya sanamu iliyovunjika, na kwa mwaka mzima chama hakikulala kwa majigambo yake, Mzee Robo ana bondia, Mzee Robo hana wa kumkaribia, mpaka mwenyekiti wenu, huyu daktari wa meno mstaafu, akasema basi tuje tumwone, tuje na mthamini, Jumamosi tarehe 3 Juni 2006.

Kilichotokea siku ile mtaa mzima unakijua, au unadhani unakijua. Wageni waliingia, mlango ukafunguliwa, na pale katikati ya rafu palikuwa na bondia wa rangi ya dhahabu, anameremeta kama kitasa kipya cha benki, na pembeni amesimama mama na kitambaa mkononi, anatabasamu, amevaa gauni lake zuri, akingoja kusifiwa, kwa sababu siku iliyotangulia, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu ya ndoa, mumewe alimpa ufunguo wa chumba kile, akamwambia wageni wanakuja, hakikisha chumba kinapendeza, naye akakuta kando ya bondia kopo la dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa kipya. Kwa fundi cherehani kitu cha wageni hupigwa pasi. Alisugua tangu alfajiri, kucha zikawa nyeusi, na marehemu alipoingia na wageni alipiga kelele iliyomtoa jirani wa nyuma na ndoo ya maji akidhani ni moto, akamwita mama mjinga, akamwita mkono wa balaa, akamvua nguo kwa maneno mbele ya wanaume sita, nanyi wazee mkampa pole, yeye, mkamshika bega, yeye, na mthamini akasema ushahidi wote umesuguliwa, hakuna awezaye tena kusema lolote juu ya sanamu hii. Jumatatu yake mama alishaitwa Mama Sugua. Mnakohoa, lakini jina mlilitoa ninyi, na watoto wenu wakalipokea.

Tangu siku hiyo marehemu hakusema na mama. Sisemi alipunguza maneno, nasema hakusema naye, miaka kumi na sita na miezi kumi na moja. Alimtoa bondia chumbani, akamweka mezani kwenye kiti cha mama, juu ya vitabu ili wawe sawa kimo, mama akahamia kula jikoni, na alipotaka kitu alimwambia bondia, "Bondia, chumvi imezidi," "Bondia, mwulize huyo shati langu liko wapi," na mama anajibu kutoka jikoni, naye hageuki. Kila tarehe 3 Juni mama alimpigia magoti, na kila mara, hadi maradhi yalipomnyang'anya maneno, marehemu alimgeukia bondia, akamwambia, "Mimi sisikii kitu, wewe unasikia?"

Na mama, masikini ya Mungu, aliamini kwamba akiweza kuurudisha weusi atarudishiwa mume. Alimpaka bondia majani ya chai, akampaka masizi, akampaka siki, alimfukia bustanini msimu mzima wa mvua, akamfukua, akamfuta udongo, akamrudisha mezani ana madoa kama mgonjwa wa surua, na marehemu alikuwa anaona yote hayo dirishani, hakumzuia, hakumwambia acha, hakumwambia endelea. Juzi tu, nilipoingia uani asubuhi, nilimkuta amekaa kwenye kigoda, bondia mapajani, sufuria ya chai chini, anampaka, nikamwuliza mama unafanya nini, akaniambia, "Nataka azikwe naye akiwa mweusi, asiende na aibu niliyomtia."

Basi sikilizeni nikamilishe. Jana, nikitafuta kitambulisho cha marehemu kwa ajili ya cheti cha kifo, nilifungua sanduku lake la bati, nikalikuta daftari la tatu, ninalo hapa, mwandiko wake kila mtu anaujua, walioandikiwa faini wanaujua zaidi. Nambari 131. Nasoma kama ilivyo, sipunguzi robo.

Tarehe 17 Februari 2006. "Uzito wa nambari 131 umekuwa ukinisumbua, kilo saba na gramu mia mbili, ni mwepesi mno kwa umri wake. Leo nimempeleka kwa fundi wa kuyeyusha shaba, amekwangua chini ya kitako. Ni mpya, hana miaka kumi. Weusi ni wa moshi, chai na tindikali. Sijamwambia mtu."

Tarehe 2 Juni 2006. "Kesho chama na mthamini. Nimempa mke ufunguo. Nimeacha kopo na kitambaa kando ya nambari 131. Atasugua."

Tarehe 3 Juni 2006. "Amesugua. Hakuna aliyeuliza umri."

Na hii ya tarehe 20 Mei 2011. "Amemfukia tena, amemfukua. Kilo saba na gramu mia mbili. Hakuna badiliko."

Mmesikia. Mganga hajigangi, mkaguzi aliyeyapasua mawe ya wajane aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na badala ya kucheka nanyi siku moja, wazee wenzake, mkamtania mkanywa chai yakaisha, alimtoa mke wake kafara, akamwacha kupiga magoti mara kumi na sita kwa kosa alilomtegea yeye mwenyewe. Mwenyekiti, naona umevua miwani. Hakuna kilichoharibiwa siku ile, hapakuwa na kitu.

Turudi kwenye karatasi. Marehemu alianza kuugua tarehe 22 Septemba 2021, alipopatwa na kiharusi akiwa mezani, upande wa kulia ukapooza na maneno yakampotea, na karatasi inasema aliuguzwa na familia, familia ni mama, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, miezi kumi na tisa na siku kadhaa, na mwalimu wa kuongea kutoka hospitalini alipomsaidia maneno machache yakarudi, aliweza kusema maji, aliweza kusema dirisha, na kwa muuguzi wa zamu alisema asante, tena vizuri kabisa, mama akasimama pale na beseni akimsikiliza. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 11 Mei 2023, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, mama alimshika mkono wa kushoto, ule mzima, akamwambia mume wangu, huna haja ya kusema, kama umenisamehe nibane kidole tu. Akangoja saa moja na nusu. Saa nne kamili marehemu akakata roho akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, na kidole hakikubanwa. Macho yalikuwa wazi, na mama anasema alikuwa anamsikia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, na hasa yule mwalimu wa kuongea ambaye hakuwa na kosa lolote, nawashukuru wafanyakazi wenzake marehemu walioleta gari na turubai, nawashukuru majirani kwa viti, masufuria na maji, na nawaomba lile jina mlilompa mama mlibebe mwende nalo, lisilale tena mtaani kwetu. Chama cha Wakusanyaji nakishukuru kwa kufika. Sanamu mia mbili na kumi na tatu mtajadiliana na baba mdogo, kikombe cha bati kilichozuia mlango kina mwenyewe, kaka atakichukua leo.

Najua marehemu hasemwi kwa ubaya, nami sikusema, nimesoma tu alichoandika. Karatasi ya baba mdogo inaishia na maneno matatu ya kumwambia baba, lakini yeye ameshapumzika, alipumzika tangu tarehe 3 Juni 2006 baada ya wageni kuondoka, alipojua siri yake imesuguliwa ikaisha, kwa hiyo maneno hayo nitampa anayeyahitaji. Mama, nisamehe sikukwambia jana, ungenikataza nisiseme, ungesema tumsitiri. Kosa halikuwa lako, halikuwa lako hata gramu moja. Mtoe huyo bondia mapajani, mweke chini, nawa mikono. Pumzika kwa amani, mama.